Riveti za plastiki badala ya popi riveti kwenye paneli za inkubeta: nani ana uzoefu?

FundiKifaranga

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kwa wale ambao kazi yao ya kila siku ni kufunga paneli, iwe bodi za mabasi, majokofu, mabango au chochote kile.

Natengeneza inkubeta za mayai 264 na 528. Ukuta wangu uko hivi: nje alukobondi (ile paneli ya ngozi mbili za alumini zenye plastiki katikati) ya mm 4, katikati foamu nyeupe, ndani shiti ya PVC ya mm 3. Vyote vinashikwa na fremu ya engo (vyuma vya umbo la L) ya alumini yenye unene wa mm 1.5. Mpaka leo nafunga kwa popi riveti za alumini, zile unazovuta msumari wa kati kwa kifaa mpaka ukatike.

Shida zangu ni mbili. Ya kwanza, ndani ya mashine kuna joto la nyuzi 37.5 na unyevu haushuki chini ya asilimia 50. Popi riveti ni ya alumini kweli, ila kile kipande cha msumari kinachobaki ndani yake baada ya kukatika ni cha chuma. Kinashika kutu, halafu mchirizi wa kahawia unateremka kwenye PVC nyeupe. Mteja akiuona tu anaanza kusema mashine imechoka. Ya pili, popi inavuta kwa nguvu mno. Kwenye PVC shiti inapasuka pembeni ya tundu, wakati mwingine haipasuki hapo hapo bali baada ya wiki kadhaa.

Sasa nimeziona riveti za plastiki, zile za kusukuma pini ya kati kwa kidole gumba. Nataka kujua zinabeba? Zinavumilia joto na unyevu? Na mteja anaweza kuzifungua mwenyewe akitaka kuosha ndani? Maana hilo la kuosha nalo wananisumbua nalo sana.

---

MkukiWaChuma

Plastiki kufunga plastiki, mkuu? Mashine yako ikipakiwa kwenye Fuso kwenda Sumbawanga itafika imekuwa furushi la mabati. Nunua popi za stenlesi, msumari wake nao stenlesi, habari ya kutu iishe. Tusitafute vya mteremko.

---

DogoVeta

Natia nanga hapa, ngoja waje wenye ujuzi.

---

Kalipa

FundiKifaranga, swali zuri na umelieleza vizuri, kuliko wengi wanaokuja kuuliza "riveti ipi nzuri" bila hata kutaja unene. Nimefunga paneli kiwandani miaka mingi, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo.

Kwanza nimpe MkukiWaChuma haki yake. Popi ya stenlesi itaondoa kutu kwenye msumari, ni kweli. Ila itakuongezea tatizo lako la pili, kwa sababu stenlesi ni ngumu zaidi na inavuta kwa nguvu zaidi kabla msumari haujakatika. Shiti ya PVC itapasuka vizuri zaidi. Halafu stenlesi na alumini zikikutana penye maji, inayoliwa ni alumini, yaani engo yako. Kwa mtu wa bara itachukua muda, lakini ukimuuzia mtu wa Tanga au Kilwa mwenye upepo wa chumvi, utamsikia mapema.

Sasa riveti ya plastiki. Kabla ya kuuliza inabeba kiasi gani, uliza inabeba kuelekea wapi. Kuna mzigo unaokata shina kwa ubavu, na kuna mzigo unaovuta kichwa kutoka nje. Kwa ubavu, riveti ya plastiki inajitahidi. Kwa kuvutwa kutoka nje ni dhaifu, tena plastiki ikikaa chini ya mvuto wa kudumu hulegea polepole hata kama haikukatika. Kwa hiyo haifai kabisa kushika bawaba za mlango, miguu, mishikio ya kubebea, mota ya kugeuza trei wala reli zinazobeba trei zenyewe. Huko weka bolti na nati. Lakini shiti ya ndani ambayo kazi yake ni kuziba tu, isiyobeba kitu zaidi ya uzito wake? Hapo ndipo mahali pake hasa.

Pili, usifikirie hata kidogo kutoboa ukuta mzima kutoka alukobondi mpaka PVC. Riveti za kawaida za plastiki hubana milimita chache tu, na hata ungepata ndefu, ungekuwa umetengeneza njia ya joto na mvuke kupita kwenye foamu. Funga ngozi ya ndani kwenye engo yake, na ngozi ya nje kwenye engo yake. Ndani una mm 3 za PVC na mm 1.5 za engo, jumla 4.5. Nje una 4 na 1.5, jumla 5.5. Hizo ndizo namba za kwenda nazo dukani. Kila riveti ina kiwango cha unene inaobana, tuseme kuanzia 4 mpaka 5. Ukiwa chini ya hapo paneli itacheza, ukiwa juu ya hapo miguu haitatokeza vya kutosha upande wa pili ili ifunguke. Na kama unaweka utepe wa sponji au silikoni katikati, pima baada ya kuubana kwa mkono, usipime ukiwa umejaa hewa.

Nitarudi baadaye kwenye habari ya tundu, ndiko watu wengi wanakoumizwa.

---

FundiKifaranga

Mkuu Kalipa, shukrani sana. Nakaa mkao wa kula.

---

Jirani_wa_Kariobangi

Habari zenu ndugu wa Bongo. Mimi niko Nairobi, tunaunda bodi za matatu na mabasi. Hizi riveti za plastiki tunazitumia sana ndani: bitana ya dari, paneli za pembeni chini ya madirisha, vifuniko vya nyaya. Sababu kubwa huku si kutu, ni kelele. Basi likiingia barabara mbovu, paneli iliyofungwa kwa skrubu za chuma huanza kugonga ikilegea kidogo tu. Riveti ya plastiki yenyewe inakuwa kama mto kati ya paneli na fremu.

Lakini aina tunayopenda kwa dari si ile ya pini. Ni ile yenye meno mengi kwenye shina kama mti wa msonobari. Unaipiga kwa kiganja, inaingia mpaka jino fulani linashika. Uzuri wake haijali unene kamili. Dari ikiwa nene hapa na nyembamba pale, jino lingine litashika. Ubaya wake, ukishaing'oa usiitegemee tena, meno yameshapinda.

Sehemu za kubebea mizigo juu ya viti ni bolti tu. Abiria wetu hubeba viazi.

---

MkukiWaChuma

Hapo kwenye viazi umenichekesha kaka. Ila swali langu liko pale pale. Kama ni nzuri hivyo, mbona klipu za bampa na za kava la chini ya injini kwenye magari ya Japani zinakatika kila ukizigusa? Kila gereji ina kopo la klipu zilizovunjika.

---

Kalipa

Zinakatika kwa sababu mbili, Mkuki, na zote si kosa la klipu.

Gari linafika hapa likiwa na umri wa miaka kumi na zaidi. Klipu ya chini ya injini imeshakula joto, mafuta na vumbi miaka yote hiyo. Nailoni iliyooka muda mrefu hukauka na kuwa kama biskuti. Hiyo ungeitoa kwa dua bado ingevunjika.

Sababu ya pili ni mikono. Kuna klipu ambayo unanyanyua pini ya kati kwa bisibisi bapa kwanza, miguu inalegea, ndipo unavuta mwili wote. Kuna nyingine ambayo kinyume chake unaisukuma pini ya kati iingie ndani milimita chache mpaka usikie "tik", miguu inajikunja, halafu unavuta. Kuna ya tatu ina alama ya msalaba kichwani, unaizungusha kwa bisibisi pini ipande. Fundi asiyetazama anaingiza bisibisi chini ya kichwa na kung'oa zote kwa mtindo mmoja. Hapo hata chuma kingelia.

Na ile ya kusukuma ndani, kabla ya kuirudisha lazima kwanza uitokeze pini upya kutoka upande wa chini, kisha uingize mwili kwenye tundu, kisha usawazishe pini na kichwa. Watu wengi wanairudisha ikiwa imezama, inaingia bila kubana, gari likifika Chalinze kava linaburuzwa.

FundiKifaranga, hili linakuhusu moja kwa moja. Kama mteja ndiye atakayefungua kuosha, mpe ya kunyanyua pini, yenye kijinafasi cha kuingiza kucha au bisibisi ndogo pembeni ya kichwa. Usimpe ya kusukuma ndani. Utapigiwa simu usiku.

Sasa tundu. Popi riveti inasamehe, kwa sababu chuma chake kinavimba na kujaza tundu hata ukikosea nusu milimita. Ya plastiki haisamehi. Mtengenezaji akisema tundu la mm 6, miguu imepimwa kwa 6. Ukitoboa 6.5, riveti itaingia kwa raha, itaonekana imekaa, na utaitoa kwa vidole viwili. Ukitoboa 5.8 utailazimisha kwa nyundo, utakwangua miguu, na nguvu nusu imeondoka kabla mashine haijawashwa. Kwenye karakana zetu mara nyingi si biti yenye makosa bali ni drili ya mkono inayoyumba. Tundu la alumini linakuwa la yai. Toboa kwanza dogo la mm 3, kisha pitisha biti ya ngazi, ile yenye umbo la koni na vidaraja. Inatoa tundu la duara kamili kwenye alumini nyembamba.

Halafu ondoa ukingo mkali unaobaki nyuma ya tundu. Ule ukingo ni wembe. Kila mtikisiko unakata mguu wa riveti kidogo kidogo, na siku mguu ukikatika mtu atasema plastiki ni takataka. Biti kubwa ukiizungusha kwa mkono mara moja au mbili inatosha.

Lakini zingatia kitu ambacho wengi hawakioni: tundu linalobana ni lile la mwisho tu, lile ambalo miguu inafunguka nyuma yake. Kwako ni tundu la engo. Tundu la PVC mbele yake halina kazi ya kubana, linabanwa na kichwa. Kwa hiyo tundu la engo liwe 6 kamili, na la PVC lipanue mpaka 7 au 8, mradi kichwa cha riveti ni kipana cha kulifunika, mm 14 au zaidi.

---

DogoVeta

Kaka Kalipa, shikamoo. Kwa nini tundu la PVC liwe kubwa? Si itacheza?

---

Kalipa

Marahaba dogo. Nataka icheze, kidogo.

PVC inatanuka kwa joto karibu mara tatu ya alumini. Chukua shiti ya urefu wa mita 1.2 iliyofungwa asubuhi ya baridi, nyuzi 20, halafu mashine ikapanda mpaka 37. PVC itarefuka takriban mm 1.4, engo itarefuka chini ya nusu milimita. Hiyo tofauti ya karibu milimita nzima lazima iende mahali. Ukiwa umeibana kila upande, shiti inavimba katikati kama tumbo, au inapasuka kwenye tundu. Hiyo ndiyo maana mashiti ya FundiKifaranga yanapasuka baada ya wiki kadhaa na si siku ya kufunga. Popi imeyakaba, halafu joto linamalizia kazi.

Kwa hiyo riveti moja ya katikati iwe na tundu kamili pande zote mbili, ishike shiti isitembee. Nyingine zote zipewe nafasi kwenye PVC. Mafundi wa paa za polikaboneti wanalijua hili, wanatoboa tundu kubwa kuliko skrubu na kuweka washa pana ya mpira.

Jambo lingine ambalo limenijia. Nyuma ya engo yako kuna foamu. Miguu ya riveti inahitaji uwazi upande ule ili ifunguke, na pini nayo inatokeza. Ukisukuma riveti ndani ya foamu iliyojaa, itaonekana imekaza kwa sababu foamu inasukumana nayo, lakini miguu haijafunguka vizuri. Chomoa foamu kidogo nyuma ya kila tundu, kwa biti ya mm 12 kwa mkono, kina cha sentimita moja na nusu hivi. Fanya hivyo kabla hujafunga, si baada.

---

MkukiWaChuma

Haya, hapo kwenye foamu nakubali, sikuwa nimewaza. Endelea mwalimu.

---

MamaBanda

Jamani na mimi nina langu, msinifukuze kwenye uzi wa wanaume wa drili. Natengeneza maboksi ya kubebea vifaranga wa siku moja, kwa yale mashiti ya plastiki yenye mifereji ndani, yale ya mabango ya kampeni. Nilikuwa nafunga kona kwa stepla kubwa, lakini zinachoma mikono ya watu na zinachomoka boksi likilowa. Hizi riveti zinanifaa?

---

Kalipa

Dada MamaBanda, karibu, tena wewe kuliko sisi wote. Hiyo ndiyo kazi ambayo viwandani wanazitumia bila hata kujadiliana.

Lakini usichukue hizi tunazozizungumza za miguu. Ile shiti yako ni laini na ina uwazi ndani, kichwa kidogo kitazama na kupita. Tafuta za vipande viwili, dume na jike, zenye vichwa vipana pande zote mbili. Dume unalipitisha upande wa nje, jike unalibana kwa ndani mpaka lilie. Zipo zenye meno kama mkanda wa plastiki wa kufungia nyaya, unabana kadiri unavyotaka na haikulazimu upime unene kwa usahihi. Mashiti mawili ya mm 4 yakikutana ni mm 8, ila ukibana yanajikunja kidogo, kwa hiyo yenye meno inakufaa zaidi.

Tundu usitoboe kwa drili. Drili inachana mifereji. Tumia toboa ya ngozi, ile ya mafundi viatu, na ubao chini. Usitoboe karibu na ukingo, acha angalau sentimita mbili, kwa sababu mfereji ukipasuka mpasuko unakimbia mpaka mwisho wa shiti.

Na mashiti hayo ni polipropilini. Ukipata riveti za polipropilini pia, boksi likichakaa lote linaingia kwenye mashine ya kusaga bila kuchambua kwanza, wanunuzi wa plastiki chakavu watakupenda.

---

MamaBanda

Ubarikiwe kaka yangu. Toboa ya fundi viatu ninayo jirani tu hapo.

---

Mwana_wa_Ruwi

Salaam aleikum. Niko Maskati, kwenye magari. Nichangie kuhusu jua, maana huku tunalo la kutosha.

Angalia rangi. Riveti nyeupe ya nailoni ya kawaida ukiiweka nje kwenye jua inageuka manjano, inapauka unga unga, kisha kichwa kinadondoka chenyewe. Nyeusi inadumu zaidi kwa sababu ule weusi ni masizi ya kaboni waliyochanganya, ndiyo yanayozuia mionzi isiingie ndani. Si rangi ya pambo. Bati la gari kiangazi huku linavuka nyuzi 70, na za nyeusi zinakaa miaka. Kwa hiyo ngozi ya nje ya inkubeta kama itakaa barazani, weka nyeusi hata kama haipendezi.

---

FundiKifaranga

Waaleikum salaam ndugu yangu. Hilo nimelichukua, wateja wengi wanaweka barazani kweli.

Kalipa, bado hujanigusia unyevu na dawa. Siku tatu za mwisho unyevu unapanda mpaka 65 na zaidi. Na baada ya kila totoo, yaani mayai yakishaanguliwa, wateja wanaosha kwa maji ya klorini, wengine wanafukiza kwa fomalini.

---

Kalipa

Hapa inabidi tujue riveti imetengenezwa kwa nini. Utakazokutana nazo sana ni nailoni, asetali na polipropilini.

Nailoni 6/6 ndiyo ya kawaida. Inayeyuka karibu nyuzi 260, kwa hiyo 37 yako ni mchezo. Inapenda maji: kwenye hewa ya unyevu wa asilimia 50 inabeba maji kama asilimia 2.5 ya uzito wake. Watu wakisikia hivyo wanaogopa, lakini kwa riveti ni heri. Nailoni kavu kabisa ni ngumu na inavunjika, ikishanywa maji inakuwa laini na ngumu kukatika. Kuvimba kwenyewe kwa shina la mm 6 hakufiki hata nusu ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Ndiyo maana riveti mpya kutoka kwenye pakiti iliyofungwa isipitishe hewa wakati mwingine zinakatika miguu ukizisukuma, hasa ukiwa Njombe au Mufindi asubuhi ya baridi. Ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, zifute, halafu funga. Viwandani vipuri vya nailoni huloweshwa au hupitishwa kwenye mvuke kwa sababu hiyo hiyo.

Asetali haijali maji, inateleza, ina uspringi mzuri, miguu yake inajirudi vizuri ukifungua na kufunga. Kama mteja atafungua kila totoo ningeipenda hiyo. Lakini ina adui mmoja, naye ni klorini. Klorini inaila juu, inapauka, inapasuka nyufa ndogo ndogo. Na asidi pia.

Nailoni nayo haiipendi klorini kali, ila kwa mchanganyiko mwepesi unaosuuzwa mara moja itadumu vizuri. Polipropilini ndiyo inayovumilia dawa za kuosha kuliko hizo mbili. Ubaya wake ni laini zaidi, inabana kidogo, na inalegea mapema. Fomalini kwa kufukiza haitakusumbua kwenye yoyote kati ya hizo, inamsumbua zaidi mfukizaji.

Ushauri wangu: ndani, nailoni, na umwandikie mteja kwenye karatasi ya maelezo kwamba klorini iwe nyepesi na asuuze kwa maji safi. Jirani na hita, eneo la sentimita kumi kuizunguka, rudi kwenye chuma. Nailoni ya kawaida ikishika moto hujizima lakini hudondosha matone. Asetali inawaka kwa mwali wa buluu hafifu ambao mchana huuoni. Hakuna sababu ya kuweka kimojawapo karibu na waya mwekundu.

---

DogoVeta

Kaka, na sisi tungezitengeneza hapa? Viwanda vya ndoo na mabeseni tunavyo vingi tu. Na chuoni kwetu kuna printa ya 3D.

---

Kalipa

Mashine ya kudunga plastiki ni ile ile, ndoo au riveti. Kazi iko kwenye moldi. Ndoo ikikosea nusu milimita inabaki ndoo. Riveti ikikosea sehemu mbili za kumi za milimita ni takataka, na moldi moja inatoa riveti nyingi kwa mpigo, kila shimo lake lazima lilingane na wenzake. Moldi ya namna hiyo ni chuma kigumu kilichochongwa kwa usahihi mkubwa, na ndiyo inayokula mtaji. Malighafi ni kidogo sana, uzito wa riveti ni gramu moja au chini. Kwa hiyo atakayeingia huko lazima auze mamilioni, na soko lake litakuwa magari na mabasi, si inkubeta. Nadhani mtu wa Nairobi anaweza kumudu kabla yetu kwa sababu ya wale waunda mabasi, ila Jirani anajua zaidi.

Printa ya 3D ni nzuri kwa kujaribu umbo. Ukiichapa imesimama, tabaka zinakatiza mguu, na mguu unakatika kwenye tabaka mara ya kwanza unapopinda. Ichape imelala, tabaka ziende na urefu wa mguu. Na usitumie PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa hizo, kwa kitu cha kukaa kwenye joto, inaanza kulegea karibu nyuzi 60 na gari lililofungwa vioo Dodoma linakaribia huko.

---

Jirani_wa_Kariobangi

Wengi wetu bado tunanunua za kuagizwa kwa pakiti zilizochanganywa saizi. Shida ya hizo pakiti hazisemi unene wala tundu, ni picha ya gari tu juu. Mimi hubeba kalipa (kile kifaa cha kupimia unene) na vipande vya shiti nilivyotoboa 5, 6, 7 na 8, najaribu palepale kaunta. Muuzaji akinuna namwacha anune.

---

MkukiWaChuma

Sawa, nimeshindwa kwa hoja za ndani. Lakini nje, alukobondi na engo zote ni alumini, zinatanuka sawa, kwa nini asiache popi?

---

Kalipa

Aache. Nje popi ya alumini yenye msumari wa alumini, zipo, ulizia. Hazina chuma ndani kwa hiyo hazilii kutu. Zinavuta kwa upole kuliko zenye msumari wa chuma, na alukobondi yenyewe ina moyo wa plastiki kati ya ngozi mbili nyembamba za alumini, ukiivuta sana inabonyea. Chagua zenye kichwa kipana. Plastiki nje nitaiweka kwenye paneli moja tu, ile ya nyuma ya kufikia mota na feni, kwa sababu hiyo inafunguliwa.

Kwa hiyo kwenye Fuso la Sumbawanga, Mkuki, kiunzi ni bolti, ngozi ya nje ni popi, ngozi ya ndani ni plastiki. Hutakuta furushi.

---

MkukiWaChuma

Nimepokea.

---

FundiKifaranga

Wakuu, nimenakili yote kwenye daftari. Nitafunga mashine moja namna hii na kuiendesha totoo nzima, siku 21, kabla ya kugeuza kazi zote. Maswali ya mwisho: nafasi kati ya riveti na riveti iweje kwenye PVC ya mm 3? Na nitajuaje zimeshika kweli kabla sijamkabidhi mteja?

---

Kalipa

Kwa mm 3 isiyobeba kitu, anza na sentimita 15 kati ya moja na nyingine, na kwenye kona usikae karibu na ukingo kuliko sentimita mbili. Ukiona shiti inapanda mawimbi katikati ya riveti, kabla hujaongeza riveti hakikisha matundu ya PVC yana nafasi. Mara nyingi ndiyo sababu.

Kujua zimeshika: chukua mabaki ya PVC na engo, funga riveti moja kama utakavyofunga kazini, funga kamba kwenye PVC uivute kwa mizani ya springi ya wauza samaki. Andika kilo ilipochomoka. Fanya na tundu la 6, kisha 6.3, kisha 6.5, na utaona mwenyewe namba zinavyoporomoka. Halafu rudia na vipande vilivyokaa ndani ya mashine totoo nzima, ulinganishe na vile vya mwanzo. Ukiona imepungua kidogo ni kawaida. Ikipungua kwa nusu, aina hiyo ya riveti iache.

Kwa macho, pini ikikaa sawa na kichwa imefunguka. Ikibaki imenyanyuka kidogo, nyuma kuna kitu kinazuia, na kwako wewe itakuwa foamu.

---

FundiKifaranga

Mizani ya samaki nitaazima kwa shemeji Feri. Ndani nichukue nyeupe au nyeusi?

---

Mwana_wa_Ruwi

Ndani hakuna jua, chukua nyeupe ifanane na shiti. Ya paneli ya nyuma iwe nyeusi.

---

Kalipa

Na umpe kila mteja pakiti ndogo ya akiba. Pini ya kati ikidondoka kwenye pumba za banda haionekani tena.